Cheni ya Baiskeli na Neno la Mjomba



Wapenzi wasomaji, juma hili naomba radhi. Nimeyaweka kando mambo ya nyumba na malezi niliyozoea kuyaandika, nami nataka kuzungumza juu ya mafuta ya cheni ya baiskeli. Atakaye kucheka na acheke, ila asiitupe karatasi kabla ya kufika mwisho, kwani kwa jambo hili dogo mtoto wa dada yangu alivunjika mtulinga, na aliyekuwa sababu ni mimi.

Wengi wenu mlioko Mombasa, Malindi na Lamu hamjafika Pipeline. Ni mtaa wa Embakasi, mashariki ya jiji la Nairobi, si mbali na barabara ya Outer Ring wala na viwanda vya Industrial Area. Jina lake ni bomba, nami kila nilisikiapo hukumbuka bomba la mafuta litokalo kwetu Mombasa kuja Nairobi tangu mwaka 1978. Majumba ya mtaa huu ni ya ghorofa saba, nane na zaidi, yamesimama bega kwa bega hata wanawake wa majumba mawili hupashana habari dirisha kwa dirisha pasi na kupaza sauti. Jua halishuki vichochoroni ila kwa saa chache. Kwa hiyo masika yaingiapo, tope halikauki hata mvua ikikatika siku tatu, na maji yake si ya mvua pekee; mitaro ifurikapo kila kitu huchanganyika. Mafaqihi wa madhehebu yetu wamelisamehe tope la njiani ambalo mtu hawezi kulikwepa, na sijui mahali nilipoishukuru rukhsa hiyo kama hapa. Lakini chuma hakijui rukhsa.

Nimesomesha madrasa katika mtaa huu kwa miaka kumi na moja. Dada yangu mdogo alipofiwa na mumewe alikuja na wanawe watatu, akapanga chumba ghorofa ya tatu, akaweka cherehani yake karibu na dirisha, akaanza kushona madera na sare za wanafunzi. Mwanawe mkubwa, mwenye miaka kumi na tisa, alinunua baiskeli kuukuu, ile nzito nyeusi ambayo watu wa Kenya huiita blakimamba, akapata kazi ya kusambaza mikate. Baada ya swala ya Alfajiri huenda kuchukua mikate yake, huifunga kwenye kariya kwa mpira, kisha huzunguka vioski vya Pipeline, Tassia na Fedha. Kazi hiyo haina subira. Wafanyakazi wa viwandani hutoka majumbani mapema, na mkate uliofika baada ya wao kwisha kunywa chai hurudi kwa aliyeuleta. Kodi ya nyumba na ada ya wadogo wawili zilitegemea cherehani na baiskeli, basi.

Mwaka 2024 mvua zilianza Ramadhani ingali nasi. Katika kumi la mwisho, baada ya futari, kijana alinijia chini ya jumba akiiongoza baiskeli yake kwa mkono.

“Shikamoo mjomba.”

“Marahaba. Mbona hujaipanda?”

“Cheni inalia, mjomba. Imeanza kushika kutu.”

Nikaiinamia. Ilikuwa na rangi ya hina. Wakati huo huo dada yangu alikuwa ameshuka na bakuli la mafuta yaliyobakia kwenye karai la sambusa, akitafuta pa kuyamwaga. Nikamwambia asiyamwage. Nikamwambia kijana, “Chukua haya, uipake cheni yako vizuri, kila siku. Mafuta ni mafuta. Babu yako alifanya hivyo miaka yote.” Kijana akaniangalia, akamwangalia mamake. Mamake akaniangalia mimi. Wakanyamaza wote wawili, na kijana akalichukua bakuli.

Nilikwenda kuswali tarawehe nikijiona nimewaepushia gharama.

Maneno hayo juu ya babu yake hayakuwa uongo. Nilipokuwa mtoto kule Kibokoni, Mombasa, marehemu baba yetu, Mungu amrehemu, alikuwa na baiskeli ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuigusa. Hewa ya bahari ina chumvi, na chumvi huharakisha kutu. Misumari ya dirishani kwetu ilikuwa ikilika mpaka ikatoka kwa kidole. Lakini baiskeli ya baba haikupata hata doa. Nakumbuka vizuri harufu ya mafuta ya nazi mikononi mwake aliporudi kutoka uani. Harufu hiyo ndiyo niliyoitolea fatwa miaka arubaini baadaye.

Idd ikapita, tarehe 10 Aprili. Kisha ikaja ile mvua ambayo nchi nzima inaikumbuka, iliyobomoa nyumba na kuua watu mpaka Mai Mahiu. Asubuhi moja ya mwanzo wa Mei kijana alikuwa akipanda kutoka kichochoroni kuingia barabara ya lami, mikate ikiwa juu ya kariya. Ilimbidi asimame juu ya pedali ili kuupandisha mzigo. Cheni ikakatika. Aliyewahi kupanda baiskeli anajua maana yake: mguu uliokuwa ukisukuma kwa nguvu zote hukuta hakuna kitu chini yake. Alianguka kwa bega juu ya kingo ya saruji, mikate ikaingia topeni, na mwenye pikipiki aliyekuwa nyuma yake alimkwepa kwa rehema ya Mwenyezi Mungu tu.

Mfupa wa mtulinga ulivunjika. Mkono ukafungwa kitambaa shingoni wiki sita. Mikate ililipwa, kwani mwenye mikate naye ana deni lake. Dada yangu alishona usiku na mchana, na mara mbili nilimkuta amelala kichwa juu ya meza ya cherehani, taa ikiwaka.

Hakuna aliyenilaumu. Hilo ndilo lililonitia wasiwasi.

Baada ya siku nne niliichukua baiskeli mwenyewe, nikaipeleka kwa fundi mmoja anayekaa kando ya njia chini ya turubai, mtu wa bara, mkimya, mikono myeusi mpaka viwiko. Aliinua kile kipande cha cheni, akajaribu kukikunja. Viungo kadhaa vilikuwa vimeshikana, havikunjiki kabisa. Akakipaka kidole, akanionyesha: ulikuwa unga mweusi wenye kunata kama kaimati iliyoungua.

“Ustadh,” akaniambia, “hii ilipakwa mafuta ya kupikia.”

Nikamuuliza amejuaje. Akasema, “Na mimi nilimkataza huyo kijana. Alikuja hapa kabla ya Idd, akaniuliza, nikamwambia ya jikoni hapana. Akasema sawa. Sasa sijui nani alimwambia tena apake.”

Nilikaa juu ya tairi kuukuu lililokuwa pale. Fundi akadhani nimechoka, akanitolea kibao.

Jioni nilipanda ghorofa ya tatu. Nikamuuliza kijana kama kweli fundi alimkataza. Akainamisha kichwa. “Alinikataza, mjomba.” Mbona basi hukuniambia? Akasema, bila ya kinyongo chochote, “Ulikuwa umeshasema.” Dada yangu, aliyekuwa akitia uzi sindanoni, akaongeza polepole, “Kaka, hata mimi nilijua. Msichana aliyekuwa akinisaidia aliwahi kuitia cherehani mafuta ya kupikia. Siku chache baadaye gurudumu halikuzunguka, nikamlipa fundi kuifungua yote na kuiosha. Lakini ulimtaja baba. Ningesema nini?”

Basi siku ile chini ya jumba tulikuwa watatu. Mmoja alijua kwa kuulizia, wa pili alijua kwa kupata hasara, na wa tatu hakujua. Aliyezungumza ni yule wa tatu. Nimewafundisha watoto wa mtaa huu adabu kwa miaka mingi, kwamba mkubwa hasahihishwi hadharani, na wa kwanza kuishika adabu hiyo barabara alikuwa mpwa wangu, akaishika mpaka akavunjika mfupa. Sijasema adabu ni mbaya. Nasema sikuwahi kuwafundisha namna ya kumwambia mkubwa kwamba amekosea, kwani sikuona kwamba ingehitajika.

Niliporudi kwa fundi siku ya pili nilikwenda kama mwanafunzi. Nikamwomba anieleze, naye akanieleza huku akifanya kazi, na mengine nimeyaongeza kwa kusoma.

Cheni ya baiskeli ina viungo zaidi ya mia, na kila kiungo kina pini katikati, na juu ya pini kigurudumu kidogo kinachozunguka. Mtindo huu wa vigurudumu ulibuniwa na Hans Renold mjini Manchester, Uingereza, mwaka 1880, na haujabadilika sana. Mtu akiitazama cheni huona vibati vya pembeni, akadhani hivyo ndivyo vya kupakwa. La. Cheni huliwa ndani, kwenye pini, mahali jicho halifiki. Kutu nayo huzaliwa chuma kikikutana na maji na hewa. Na ubaya wake ni kwamba haimfichi mwenziwe. Kutu humeguka ikaacha chuma kipya wazi, nacho kikaliwa. Mafuta yakikaa mahali pake, maji hayapati pa kukaa.

Kwa nini basi mafuta ya sambusa hayakufaa, ilhali nayo ni mafuta? Kwanza, yalikuwa yameshapikwa moto mara nyingi, na mafuta ya mimea yakipikwa sana na kukaa hewani hugeuka gundi. Wake zetu wanaijua ile gamba ya manjano iliyoganda ubavuni mwa karai ambayo hata kwa steelwuli haitoki. Hiyo ndiyo niliyoipeleka ndani ya cheni. Pili, yalikuwa na makombo, na katika makombo mna chumvi na maji, yaani nilimpelekea kutu chakula chake kwenye sahani. Gundi ikanasa mchanga, mchanga ukawa msasa, mvua ikaingia.

Na mafuta ya nazi ya baba? Hapa palinichekesha kidogo, ingawa haikuwa siku ya kucheka. Mafuta ya nazi huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Mombasa ni maji karibu mwaka mzima. Alfajiri ya Nairobi ni kama samli. Hata ningempa kijana yale yale ya babu yake, yangekaa juu ya cheni kama jibini, ndani hayaingii. Lakini la kubwa zaidi lilinijia nikiwa pale pale kwa fundi, nikimtazama anavyosugua. Nilikumbuka kwamba baba, kila jioni kabla ya Magharibi, aliipitisha cheni yote katika tambara kavu, kiungo kwa kiungo, akilalamika juu ya umande. Ndipo akatia mafuta kidogo, akafuta tena. Nilikuwa nimeyakumbuka mafuta, nikalisahau tambara. Harufu hukaa kichwani mwa mtoto. Kazi ya mkono haikai.

Na sisi watu wa pwani tulistahili kulijua hili kuliko wengine. Wazee wetu wa majahazi hawakusema mafuta ni mafuta. Ubao ulio juu ya maji waliupaka sifa, mafuta ya papa, ambayo uvundo wake aliyepata kuunusa hausahau. Tumbo la chombo, lililo chini ya maji, walilipaka deheni, yaani shahamu iliyochanganywa na chokaa, kuzuia maji na wadudu watoboao mbao. Asingekuja nahodha akaamrisha deheni ipakwe juu na sifa chini kwa kuwa vyote ni vya kulainisha. Mimi nimekulia hatua chache kutoka bandari ya kale, na nikasahau.

Turudi kwa fundi. Nilimuuliza kila aina niliyoijua, naye akanijibu.

Mafuta machakavu ya injini, yale meusi yanayomwagwa gereji, ndiyo watu wengi hutia kwa kuwa ni ya bure. Yeye hayataki. Yamejaa masizi na vumbi la chuma, na huo ni msasa mwingine. Juu ya hayo si mema kwa ngozi ya mtu, wala hayatoki kwenye kanzu. Girisi ni nzuri kwa ekseli, ila kwenye cheni hubaki juu tu, ndani haiingii, na hukusanya tope kama gundi ya panya. Mafuta ya cherehani ni mepesi na safi, huingia mpaka ndani ya kigurudumu, nayo yanafaa sana wakati wa kiangazi; lakini mvua moja ya Pipeline huyaosha yakaisha. Ule mkebe wa kupuliza, WD-40, watu huudhani ni mafuta ya cheni. Ulitengenezwa Marekani mwaka 1953 kwa ajili ya kufukuza maji, na hata herufi zake zinasema hivyo. Huyafukuza kweli, kisha wenyewe huyeyuka sehemu kubwa. Ni mzuri kwa kukausha cheni iliyolowa, kisha lazima utie mafuta yenyewe. Anayepuliza akaondoka ameiacha cheni uchi.

Yapo pia mafuta yaliyotengenezwa makusudi kwa cheni wakati wa mvua, mazito kiasi, yenye kung'ang'ania. Huuzwa katika maduka ya baiskeli za watu wenye nafasi. Fundi alikiri kwamba ndiyo bora. Niliyaulizia bei, kichupa kidogo tu kilikuwa sawa na unga wa siku kadhaa nyumbani kwa dada yangu. Sikununua, na sioni haya kusema hivyo.

Alichokishauri fundi kwa mtu wa kipato chetu ni mafuta mapya ya injini, yale mazito, au mafuta ya gia, kiasi cha kikombe kidogo kinachopimwa kutoka kwenye galoni ya muuza vipuri. Kikombe hicho hukaa miezi. Uzito wake huyafanya yasioshwe upesi na mvua. Ubaya wake ni kwamba huvuta vumbi, kwa hiyo hayafai mtu mvivu. Na mimi naongeza kwamba ya gia yananuka vibaya, basi yasiwekwe karibu na jikoni. Cheni husafishwa kwanza kwa brashi na mafuta ya taa kidogo, nje ya nyumba, mbali na moto na mbali na watoto. Isitumiwe petroli. Ikauke kabisa. Kisha tone moja juu ya kila kigurudumu, si kumwaga, pedali izungushwe nyuma taratibu mara nyingi ili yaingie, iachwe kulala. Asubuhi, au baada ya saa moja au mbili kwa mwenye haraka, nje yote ifutwe kwa tambara mpaka ionekane kama haikutiwa kitu. Hapo ndipo wengi hukosea, wakaona fahari cheni imetiririka. Yaliyo nje hayana kazi ila kukamata mchanga.

Tena siku iliyonyesha, cheni ifutwe jioni hiyo hiyo. Isingoje Jumapili.

Kwa wanawake wenye waume au wana wafanyao kazi hii, jambo moja la twahara. Mtu akitoka kushika cheni, mafuta mepesi yaliyobakia kama mng'aro juu ya ngozi hayazuii udhu, kwani maji hupita juu ya ngozi yakaifikia. Lakini girisi au uchafu mzito wenye kiwiliwili, uliogandamana juu ya ngozi na chini ya kucha, ni kizuizi, na lazima uondolewe kwanza. Majivu au sukari kidogo na sabuni huondoa vizuri kuliko sabuni peke yake. Hili nililifunzwa na dada yangu, nikalikubali papo hapo.

Cheni mpya nilinunua mimi. Ya zamani fundi alitaka kuitupa, nikamwomba anipe. Iko juu ya kabati la vitabu vyangu, imefungwa gazetini. Kijana alirudi kazini mwezi wa Juni, bega limeunga, ingawa wakati wa baridi analalamika. Kioski kimoja kikubwa cha Fedha kilikuwa kimeshapata mtu mwingine, hakikumrudia. Hiyo ni sehemu ya mapato ya dada yangu ambayo haikurejea mpaka leo, na sijapata njia ya kuifidia ila kidogo kidogo.

Siku ya kwanza aliporudi nilimwambia mbele ya mamake na wadogo zake kwamba nilikosea, na kwamba alijua nami sikujua. Wadogo zake walitazamana. Yule wa mwisho, wa miaka tisa, akaniuliza, “Kwani sheikh hukosea?” Mamake akamkemea. Nikamwambia amwache.

Tangu hapo, siku za mvua, baada ya Isha hushuka chini ya jumba kumshikia kijana tochi. Juma lililopita alinipa kichupa nitie mwenyewe, yeye akizungusha pedali. Macho yangu si yale ya zamani, na matone mengine yakaanguka matatu matatu. Nikamwona amesita, mkono wake umesimama juu ya pedali, kama siku ile ya bakuli.

“Mjomba,” akasema, “umetia mengi. Hebu nipe tambara.”

Nikampa.